Kwa Nini Kahawa Hulowa Usiku Bila Mvua

Ndugu mkulima wa kahawa, leo tuzungumze habari ya umande. Kahawa yako umeimenya, umeiosha vizuri, ukaianika mezani. Jua limewaka kutwa, na jioni ukiichota mkononi inalia kama changarawe. Unakwenda kulala. Usiku anga limetakata, nyota zote zinaonekana, na Kibo chenyewe kiko wazi. Asubuhi unaikuta imelowa, na mvua haikunyesha hata tone. Kahawa iliyokauka ikalowa tena hupata ukungu na madoa, na ikifika Moshi kupimwa inashuka daraja. Hapo pesa zimekwenda.

Maji hayo yametoka hewani. Hewa hubeba mvuke, na mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji. Kwa hiyo swali ni hili: kahawa ilipoaje hata ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka?

Ukipata nafasi pita kwa mhunzi, kule Mamba kwa mfano, ambako kazi hiyo ni ya ukoo tangu zamani. Chuma kikiwa bado cheusi, sogeza mkono karibu bila kukigusa: joto utalisikia. Kuna miali inayotoka, ila macho hayaioni. Mvukuto ukizidi, kwenye nyuzi 600 hivi za Sentigredi chuma kinakuwa chekundu cha kufifia. Kwenye 900 kinaelekea rangi ya chungwa, kikipita 1,100 ni manjano, na karibu na 1,300 kinaanza kuwa cheupe. Mhunzi hana kipimajoto. Rangi ndiyo kipimo chake. Na chuma, jiwe au kigae cha chungu vikikaa pamoja katika tanuri moja, hung'aa karibu rangi moja.

Wewe mwenye redio utaelewa haraka. Kila kitu chenye joto ni kama kituo cha kurusha matangazo. Kikiwa na joto dogo hurusha kwa mawimbi marefu, yanayotetemeka polepole. Joto likipanda, matangazo yanakuwa na nguvu zaidi, na mawimbi yanakuwa mafupi, ya kutetemeka upesi. Wekundu ni mawimbi marefu kuliko manjano, na manjano ni marefu kuliko buluu. Hesabu iliyokubaliana sawasawa na vipimo ilipatikana mwaka 1900 kwa Mjerumani Max Planck. Yeye alihesabu habari ya kitu cheusi kabisa, maana yake kitu kinachomeza kila mwali unaokifikia. Kitu cha namna hiyo ndicho pia kinachorusha kuliko vyote. Tundu dogo la tanuri linakaribia kuwa hivyo.

Sasa linganisha jua na shamba lako. Uso wa jua una nyuzi kama 5,500. Ardhi yetu usiku ni 15 au 20. Ukihesabu kutoka kwenye baridi ya mwisho kabisa, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri, jua lina joto mara 20 ya ardhi. Basi mawimbi yake nayo ni mafupi mara 20. Jua hurusha zaidi kwenye urefu wa sehemu 1 ya 2,000 ya milimita, ndio mwanga tunaouona. Ardhi, ndizi, kahawa, hata mwili wako, hurusha kwenye sehemu 1 ya 100 hivi ya milimita. Usidanganyike na rangi ya mchana. Ganda la kahawa ni jeupe mbele ya jua, lakini kwa mawimbi haya marefu ni kama jeusi. Hata theluji ya Kibo ni hivyo hivyo!

Mvuke wa hewani huyazuia mengi ya mawimbi marefu na kuyarudisha chini. Lakini kuna dirisha, na dirisha hilo liko pale pale kwenye sehemu 1 ya 100 ya milimita. Mawingu yakitanda, limefungwa. Anga likitakata, joto linapita na kwenda zake. Kila mita moja ya mraba huweza kupoteza kiasi cha balbu ya wati 60, usiku kucha. Meza ya kahawa haina udongo mwingi chini yake wa kuirudishia joto, ndiyo maana hupoa upesi.

Huko juu kwenye mita 4,000 hivi, miti ya senesio hukunja majani yake usiku kufunika kichipukizi, na majani makavu huyaacha yamevaa shina kama koti. Kwenye kihamba, mgomba hufanya kazi hiyo juu ya mbuni: jani la mgomba nalo linarusha joto kuelekea chini, na umande chini yake ni mdogo.

Mezani, basi, funika kabla jua halijazama, wakati kahawa ingali na joto lake. Nailoni nyembamba inayoonyesha huzuia umande kuiangukia kahawa, lakini mawimbi ya joto hupita humo kama mwanga kwenye kioo, na upande wa ndani hutoka jasho likadondoka. Tandaza kwanza magunia makavu ya mkonge, nailoni iwe juu yake. Asubuhi ngoja umande wa juu ya nailoni ukauke au uufute, ndipo ufunue, ukianzia upande mmoja, maji yasimwagikie kahawa.