Usimamizi wa Bunge la Tanzania juu ya benki, fedha na makazi

Usimamizi wa Bunge la Tanzania juu ya benki, fedha na makazi ni kazi ya Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya kufuatilia namna Serikali, Benki Kuu, mashirika ya umma na halmashauri zinavyotunza fedha za wananchi na kusimamia sekta ya nyumba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na Kamati za Kudumu za Bunge jijini Dodoma, kabla ya jambo lolote kufika mbele ya wabunge wote.

Katika nchi nyingine kazi hii iko mikononi mwa kamati moja. Seneti ya Marekani, kwa mfano, ina kamati moja inayoshughulikia benki, nyumba na maendeleo ya miji, kwa kuwa nyumba nyingi huko hununuliwa kwa mkopo wa benki. Tanzania haina kamati ya namna hiyo. Kazi imegawanywa kati ya kamati kadhaa, na mwananchi anayetaka kujua nani anamsemea hana budi kujua mgawanyo huo. Makala hii inaueleza kwa kutumia mifano ya Musoma, Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara.

Msingi wa kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge anaweza kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma, na Bunge hujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Ibara ya 96 inaliruhusu Bunge kuunda kamati za namna mbalimbali. Majukumu ya kila kamati yametajwa katika Kanuni za Kudumu za Bunge.

Ibara ya 143 inahusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Huyu hukagua hesabu za Serikali na kumkabidhi Rais ripoti yake. Rais huagiza ripoti hiyo iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kikao. Rais asipofanya hivyo, CAG huipeleka kwa Spika. Utaratibu huo umewekwa ili ripoti isiweze kufungiwa kabatini.

Kamati zinazohusika

Kamati ya Bajeti iliundwa mwaka 2013. Huchambua mapendekezo ya bajeti ya taifa, miswada ya fedha na kazi za Wizara ya Fedha. Kabla yake ilikuwepo Kamati ya Fedha na Uchumi.

Kamati ya Hesabu za Serikali, inayojulikana kama PAC, huchambua ripoti za CAG kuhusu wizara, idara na taasisi za Serikali. Kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upande wa upinzani, ili chama kinachotawala kisijikague chenyewe.

Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, au LAAC, hufanya kazi hiyohiyo kwa halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji.

Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, au PIC, hufuatilia mitaji ya Serikali katika mashirika na kampuni, ikisaidiwa na taarifa za Msajili wa Hazina. Humo zimo benki ambazo Serikali ina hisa, kama NMB, ambako inamiliki takriban asilimia 32, na NBC, ambako inamiliki asilimia 30.

Kamati ya Ardhi, Maliasili na Utalii hufuatilia wizara inayohusika na ardhi na nyumba, pamoja na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Lakini nyumba za watumishi zinazosimamiwa na Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) ziko chini ya sekta ya ujenzi, ambayo hufuatiliwa na Kamati ya Miundombinu.

Hivyo nyumba mbili zilizo mtaa mmoja mjini Musoma, moja ya NHC na nyingine ya TBA, zinaweza kuwa chini ya kamati mbili tofauti. Na kama mpangaji amekopa benki ili aache kupanga na ajenge nyumba yake, sera ya mkopo wake inaangukia kwenye sekta ya fedha, yaani kamati ya tatu.

Historia

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966. Baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ilitaifisha benki za biashara, na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikaanzishwa. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majengo makubwa ya kupangisha. Kwa hatua hizo Serikali ikawa mwenye benki na mwenye nyumba kwa wakati mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianzishwa pia Benki ya Nyumba Tanzania, ili wananchi wapate mikopo ya kujenga. Benki hiyo ilielemewa na mikopo isiyorejeshwa, ikafungwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi baadaye mfanyakazi wa kawaida alijenga kwa mshahara wake: tofali mwaka huu, bati mwaka ujao. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo huzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wajenzi na wanunuzi wa nyumba.

Kwa upande wa benki, sheria ya mwaka 1991 iliruhusu benki binafsi. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na NMB ikatokana na mgawanyo huo. Sheria za Benki Kuu na za taasisi za fedha ziliandikwa upya mwaka 2006.

Namna kamati inavyofanya kazi

Kazi huanza kwa karatasi. Wakati wa bajeti wizara huleta makadirio ya mapato na matumizi pamoja na randama, yaani maelezo ya kila fungu. Kamati huyalinganisha na yale yaliyoahidiwa mwaka uliotangulia, na mara nyingi hukagua miradi kabla ya mkutano wa bajeti unaoanza Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo bajeti hupitishwa kabla ya Juni kwisha.

Kamati za hesabu hufuata njia nyingine. Huchukua hoja za CAG na kumwita afisa masuuli, yaani mtumishi anayewajibika kisheria kwa matumizi. Wizarani huyo ni Katibu Mkuu. Katika halmashauri ni Mkurugenzi. Waziri hujibu juu ya sera, lakini afisa masuuli hujibu juu ya stakabadhi. Kwa mujibu wa sheria ya kinga, madaraka na haki za Bunge, kamati inaweza kumwita shahidi na kudai nyaraka.

Baada ya mahojiano kamati huandika taarifa na kupendekeza maazimio. Wabunge wote wakiyapitisha, yanakuwa maazimio ya Bunge, na Serikali hutakiwa kueleza ilivyoyatekeleza.

Kamati haiendeshi benki wala haimfukuzi mtumishi kazi. Haipangi riba pia. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutumia Riba ya Benki Kuu kuongoza sera ya fedha, na kiwango cha kwanza kilikuwa asilimia 5.5. Uamuzi huo ni wa Benki Kuu yenyewe. Kamati inaweza kuhoji matokeo yake, lakini haina mamlaka ya kuamuru kiwango. Nguvu ya kamati ni kuuliza hadharani na kuweka jibu katika kumbukumbu.

Mifano ya kitaifa

Mwaka 2007 wabunge wa upinzani walihoji malipo yaliyofanywa kutoka akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, maarufu kama EPA. Ukaguzi ulionyesha kuwa shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 isivyo halali katika mwaka wa fedha 2005/06. Januari 2008 Rais alimwondoa Gavana Daudi Ballali.

Mwaka 2014 PAC, chini ya mwenyekiti Zitto Kabwe, ilichunguza akaunti ya Tegeta Escrow. Ilikuwa akaunti ndani ya Benki Kuu iliyohifadhi fedha zilizobishaniwa kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL, na humo zilitolewa zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwishoni mwa Novemba Bunge lilipitisha maazimio. Mwanasheria Mkuu wa Serikali Frederick Werema alijiuzulu Desemba, na Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka akaondolewa mwezi huohuo. Waziri wa Nishati na Madini Sospeter Muhongo alijiuzulu Januari 2015 huku akikana kuhusika; katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo alichaguliwa kuwa mbunge wa Musoma Vijijini.

Mifano hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, kamati haikuweza kufanya kazi bila ukaguzi uliofanywa na wataalamu. Pili, hatua za mwisho zilichukuliwa na Rais au na wahusika wenyewe, si na kamati.

Mfano wa Mkoa wa Mara

Mwananchi wa Mara hukutana na usimamizi huu mara nyingi bila kujua.

Tuseme wanawake kumi wanaoanika na kuuza dagaa Mwigobero, Musoma, wameunda kikundi. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama manispaa haikutenga fedha hizo, au imevikopesha vikundi hewa, hoja huandikwa na CAG, Mkurugenzi huitwa na LAAC, na taarifa husomwa bungeni. Ripoti za ukaguzi zilionyesha tena na tena mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili kubadili utaratibu, na ilirejeshwa mwaka 2024. Katika muda huo kikundi kilichorejesha mkopo wake kwa uaminifu kilisubiri sawa na kile kilichotoroka na fedha.

Mkulima wa pamba wa Bunda anayehitaji fedha kabla ya msimu anaweza kuangukia kwa wakopeshaji wa mtaani, ambao mikopo yao huitwa “kausha damu” kwa ukubwa wa riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hao katika madaraja manne na kuwataka wawe na leseni au usajili. Wabunge wamelirudia suala hilo bungeni, kwa sababu mkopeshaji asiye na leseni bado hupatikana. Anayeonewa na mkopeshaji mwenye leseni hulalamika kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kisha Benki Kuu, ambayo tawi lake la karibu na Mara liko Mwanza.

Katika Halmashauri ya Wilaya ya Butiama, iliyotokana na kugawanywa kwa Musoma Vijijini, usimamizi huanza kabla ya Dodoma. Madiwani wana Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo hupitia taarifa za mapato na matumizi. Hoja iliyojibiwa vizuri Butiama haina haja ya kusafiri hadi LAAC.

Kwa mwenye akiba, jambo la kufahamu ni bima ya amana. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo, zikiwemo za wananchi za Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa mteja hadi shilingi milioni 1.5, aliyekuwa na zaidi ilimbidi asubiri ufilisi. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi shilingi milioni 7.5.

Mipaka na mjadala

Usimamizi unategemea uhuru wa mkaguzi. Mwaka 2019 CAG Mussa Assad aliitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge baada ya kusema katika mahojiano kwamba Bunge lina udhaifu wa kushughulikia ripoti zake. Aprili Bunge liliazimia kutofanya naye kazi, na Novemba nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba.

Hoja nyingine ni kwamba mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Mbunge anayemhoji waziri leo anaweza kuwa waziri kesho. Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013, iliyoandaliwa na tume ya Jaji Joseph Warioba, mwenyeji wa Bunda, ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Katiba inayotumika haijabadilika katika jambo hilo.

Mwisho, mgawanyo wa kamati huacha mianya. Gharama ya nyumba inategemea ardhi, mkopo na vifaa vya ujenzi kwa pamoja, lakini kila kamati huona kipande chake.

Nafasi ya mwananchi

Ripoti za CAG na Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge hutolewa kwa umma katika tovuti za taasisi hizo. Msomaji anaweza kutafuta jina la halmashauri yake, aone ilipata hati gani ya ukaguzi na hoja zipi hazijajibiwa. Kamati pia hualika maoni ya wadau kabla ya muswada kupitishwa. Swali lenye jina la mradi, mwaka wa fedha na kiasi, likiulizwa kwa diwani au mbunge, ni gumu zaidi kukwepwa kuliko lalamiko la jumla.