Laki Mbili za Kuona Majengo ya Kale Kutoka Kiseke: Zielekee Wapi?

Chukua familia ya watu wanne inayoishi Kiseke, baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi, iliyotenga shilingi laki mbili ili watoto waone majengo ya kale. Njia ni tatu. Wanaweza kubaki hapahapa Mwanza, wanaweza kupanda basi hadi Tabora, au wanaweza kuongeza fedha washuke Bagamoyo na Zanzibar, ambako wengi wetu ndiko tunakokufikiria kwanza. Hesabu zangu za mabasi zinafuata viwango vilivyotangazwa na LATRA Desemba 2023: kwa kila kilomita abiria analipa shilingi 48.47 kwenye basi la daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwenye daraja la kati. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo angalia vya sasa kabla ya kukata tiketi, na wakala akikutajia zaidi, mwulize hizo za ziada ni za nini.

Tuanze na nyumbani. Daladala ya kwenda mjini, kwa viwango hivyohivyo, ni shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na 700 ikifika kati ya 11 na 15. Watu wanne, kwenda na kurudi, hata ukiwalipia watoto nauli kamili, hamfikishi shilingi 6,000. Kwa fedha hiyo mtaona nini? Kuna nyumba ya enzi ya Wajerumani juu ya kilima katikati ya jiji, ambayo wenyeji huihusisha na jina la Theodor Gunzert, mtawala wa Kijerumani wa Mwanza hadi Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Kuna stesheni ya reli, na reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1928. Kuna hekalu la Wahindu pale Makoroboi, na mitaa ya maduka ya zamani inayolizunguka. Nenda asubuhi, kabla meza za wachuuzi hazijajaa, uwaambie watoto wainue macho juu ya vibao vya biashara. Kule juu ndiko kuliko na nakshi za saruji, roshani na madirisha ya mbao, na ndiko historia ya mji huu ilikobaki. Mjini hapa hakuna kiingilio. Tatizo ni kwamba hakuna pia bango la maelezo wala mtu wa kukueleza, kwa hiyo bila kusoma kidogo nyumbani mtapita tu kama mnaokwenda sokoni.

Bujora, yaliko Makumbusho ya Wasukuma, ni habari nyingine. Kutoka Kiseke huna haja ya kuzungukia mjini: shika Buswelu, toka Nyamhongolo, kisha daladala ya Kisesa. Ukikadiria magari mawili kwa shilingi 600 au 700 kila moja, familia nzima haizidi shilingi 12,000 kwenda na kurudi, na kutoka kituo cha Kisesa hadi Bujora mnaweza kutembea au kuchukua bodaboda. Makumbusho ya Wasukuma yalikuzwa na Padre David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Kanada, kuanzia miaka ya 1950. Nasisitiza majengo yenyewe, kwa sababu wageni wengi hukimbilia vitu vilivyomo ndani wakayasahau. Jengo la watemi limepewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na mtoto anaweza kulizunguka na kulitambua kabla hajaambiwa. Ndani zimo ngoma za watemi. Kuna nyumba ya mhunzi, kuna ya mganga, na kanisa lenyewe limepambwa kwa alama za utemi wa Kisukuma. Mwongozaji anaeleza kwa Kiswahili, na mkibahatika kupata anayejua Kisukuma cha ndani, bibi akija nanyi atamsahihisha na mazungumzo yatanoga. Mkienda Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, mtakuta Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya vyama vya Bagika na Bagalu. Siku hizo kuna watu wengi, kwa hiyo anayetaka kutazama majengo kwa utulivu achague wiki nyingine.

Ukerewe ningeiweka kando katika bajeti hii. Ikulu ya zamani ya Omukama, mtawala wa Wakerewe, kule Bukindo inastahili kuonwa, na kisiwa hicho ndicho kilichomlea mwandishi Aniceti Kitereza, lakini meli ya kwenda huko inachukua zaidi ya saa tatu na ratiba yake itawalazimu kulala.

Tabora sasa. Kwa barabara ni kama kilomita 360 kupitia Shinyanga na Nzega. Daraja la kawaida linakuja kama shilingi 17,500 kwa mtu, la kati kama 24,400. Kwa watu wanne, kwenda na kurudi, ni takriban 140,000 au 195,000. Kwa daraja la kati laki mbili zinakwisha kabla hamjala wala kulipa gesti, na kwa la kawaida zinabaki kama 60,000 tu, kwa hiyo Tabora inahitaji angalau laki tatu. Treni ya reli ya zamani ipo pia na inawafikisha kwenye stesheni ambayo yenyewe ni ya kutazamwa, ila haiondoki kila siku na likizo ya watoto haiisubiri.

Je, Tabora inazirudisha hizo fedha? Kwangu mimi, ndiyo, kwa ajili ya Kwihara. Kilomita chache nje ya mji lipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani, na mnamo Agosti mwaka huo akaondoka kwa safari yake ya mwisho. Lililopo leo limejengwa upya katika karne ya 20, na ni haki watoto waambiwe hivyo. Lakini mpango wake ni wa kweli: kuta nene za udongo, vyumba vimezunguka ua, paa bapa, mlango wa mbao wenye nakshi za Kiarabu. Mlango wa namna hiyo katikati ya Unyamwezi unaeleza biashara ya misafara, ya pembe na ya watumwa, kuliko ukurasa wowote wa kitabu cha darasa la sita. Boma la Wajerumani mtaliona kwa nje tu, kwa kuwa linatumiwa na jeshi. Simu ibaki mfukoni hapo.

Njia ya tatu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo inayokula zaidi. Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,150. Daraja la kawaida ni kama shilingi 55,700 kwa mtu, la kati kama 78,000. Familia yetu ikichagua la kati italipa karibu 624,000 kwa mabasi peke yake. Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaipigi: pandeni basi la daraja la kati hadi Dodoma, kama kilomita 700, shilingi 47,500, kisha treni ya SGR hadi Dar kwa nauli iliyowekwa mwaka 2024 ya shilingi 31,000. Jumla ni 78,500, karibu sawa na basi la moja kwa moja. Faida ni kwa watoto: wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu ya nauli ya treni. Kwa watoto wawili mnaokoa kama shilingi 30,000 kila upande, na hiyo inasaidia kulipa gesti ya Dodoma mkichelewa treni ya mwisho.

Bagamoyo inawafaa wenye watoto: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, Caravan Serai na misheni ya Wakatoliki ya 1868 vyote vinafikika kwa miguu, na magofu ya Kaole ni mwendo mfupi wa bajaji. Zanzibar ina mengi zaidi na gharama zaidi, maana boti inaongezeka. Anayekwenda kwa ajili ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, aulize kwanza hali yake, kwa sababu sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati.

Mahali penye kiingilio, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye laki mbili aende mjini Jumamosi moja na Bujora Jumamosi nyingine, ale sato mchana, ampe mwongozaji kitu cha maana, na bado atabakiwa na zaidi ya nusu. Mwenye laki tatu au nne aende Tabora, alale siku mbili. Bagamoyo na Zanzibar usiziendee kwa chini ya milioni moja na wiki nzima, maana siku mbili zinaishia barabarani. Na mkifika Bujora, andikeni majina yenu katika kitabu cha wageni.