Mtaji Mdogo na Hesabu Zake: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuomba Mkopo wa Halmashauri

Swali linalofikishwa mara nyingi katika ofisi za maendeleo ya jamii za kata ni hili: mtaji utapatikana wapi? Ni swali la haki. Mwananchi mwenye ujuzi wa kushona, kufuga kuku au kusindika karanga, asiye na nyumba wala shamba lenye hati ya kuweka dhamana, hupata shida kukopesheka benki. Hata hivyo, liko swali linalotangulia, nalo huulizwa mara chache: biashara aliyo nayo sasa, hata kama ni ya beseni moja, inatumia kiasi gani kwa siku na inabakiza nini?

Jibu lake halihitaji mtaalamu. Linahitaji daftari, kalamu na ukweli. Na uchukuliwe mfano wa mama anayekaanga maandazi, biashara ambayo karibu kila kitongoji kinayo. Bei zilizotumika hapa ni za kuelezea hesabu tu. Kila msomaji anaweza kuweka za soko lake.

Mama huyo hununua unga wa ngano kilo 4 kwa shilingi 7,200, sukari kilo 1 kwa shilingi 3,000, mafuta ya kula lita 1 kwa shilingi 5,000, hamira na iliki kwa shilingi 800, na mkaa wa shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 18,000. Hupata maandazi 120, na akiyauza yote kwa shilingi 200 kila moja, mauzo yake ni shilingi 24,000. Akiulizwa faida, atajibu kwamba ni shilingi 6,000 kwa siku, na wengi wataona kwamba biashara hiyo inalipa.

Lakini maandazi 10 yameliwa na watoto kabla ya kwenda shule, na jingine moja au mawili amepewa mgeni. Tuseme 10 kwa jumla ili hesabu iwe nyepesi. Hizo ni shilingi 2,000 ambazo hazikuingia. Bodaboda ya kupeleka mzigo sokoni ni shilingi 1,000, na mifuko ya kufungia ni shilingi 500. Kilichobaki si shilingi 6,000 bali shilingi 2,500, na bado hajajilipa kwa kuamka saa tisa usiku. Jioni, nyumba inahitaji unga, mboga na mafuta ya shilingi 5,000, naye huzitoa katika kibindo kilekile. Siku hiyo amekula faida yote na shilingi 2,500 za mtaji. Akiendelea hivyo kwa siku 4, mtaji umepungua kwa shilingi 10,000, na siku ya tano hawezi kununua kilo 4 za unga pamoja na vingine vyote. Jirani watasema biashara imekufa kwa kukosa mtaji. Kwa kweli mtaji ulikuwapo. Haukutenganishwa na fedha ya nyumbani.

Hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu mkopo haubadilishi hesabu hiyo. Mama huyo akikopeshwa shilingi 500,000 bila kubadili utaratibu, atakuwa na kibindo kikubwa zaidi cha kuchota, na deni juu yake. Akitaka kuiokoa biashara, anaweza kuungana na wakaangaji wenzake wawili wakanunua unga wa mfuko mzima kwa bei ya jumla. Anaweza kutumia jiko banifu ili mkaa upungue. Muhimu zaidi, anaweza kujiwekea posho maalumu ya kila siku isiyozidi faida halisi, na maandazi yanayoliwa nyumbani yaandikwe na kulipiwa kutoka katika posho hiyo. Familia inaweza kuona ni ubahili. Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu, na ni vyema mume na watoto waelezwe mapema, maana siri ya kibindo huvunja nyumba kuliko uchache wa fedha.

Hali kadhalika kwa mali inayotolewa kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi. Kumnyima jirani si rahisi, na hakuna anayetarajia muuza genge avunje ujirani. Hata hivyo, anaweza kuweka kikomo: kiasi ambacho, hata kisipolipwa kabisa, hakitamzuia kununua mzigo wa kesho.

Jambo jingine ni vifaa. Wapo wanaoahirisha biashara kwa miaka kadhaa wakisubiri kumiliki mashine, ilhali kazi ya mashine inaweza kununuliwa bila mashine yenyewe. Mkulima wa alizeti anaweza kupeleka magunia yake kukamuliwa kwa malipo, akauza mafuta badala ya mbegu. Kabla ya kukubali mwenye mashine abaki na mashudu kama malipo, aulize kwanza wafugaji wa kuku wananunua mashudu kwa bei gani. Mara nyingine anayaacha kwa thamani kubwa kuliko gharama ya kukamua. Kwa anayetaka kujifunza usindikaji, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo ya kutengeneza na kufungasha bidhaa. Barua yake ya utambulisho pia humsaidia mjasiriamali mdogo anapoomba alama ya ubora ya TBS.

Baada ya hesabu kukaa sawa, fedha ya kwanza ya kuongezea ni ile ya wenyewe. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wengi huviita VICOBA, vimezoeleka katika vijiji na mitaa: wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutoka katika hisa hizo, na fedha hutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Faida ya kikundi haiko kwenye fedha peke yake. Mwanachama aliyerejesha mkopo wa shilingi 50,000 mbele ya wenzake amejifunza kurejesha, na wenzake wamemfahamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi viko katika daraja la nne la watoa huduma na vinatakiwa kusajiliwa. Kazi hiyo hufanywa na halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu ya Tanzania.

Ndipo unapofuata mkopo wa halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vikundi vya vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ni ushuru wa mazao, ada za leseni na tozo za masoko, ambazo wakazi wenyewe hulipa. Fedha inayorejeshwa hukopeshwa kikundi kinachofuata. Isiporejeshwa, anayekosa ni kikundi cha kata jirani ambacho jina lake liko kwenye orodha.

Hilo si onyo la kinadharia. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hii nchi nzima baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo. Ilirejea katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Vikundi vilivyokuwa tayari kupokea wakati huo vilisubiri zaidi ya mwaka kwa makosa ya wengine.

Kosa linalovunja vikundi vingi ni kugawana. Kikundi huandika mradi mmoja wa kufuga kuku, fedha zikiingia kila mmoja huchukua fungu lake, na muda wa marejesho ukifika hakuna kuku wala hesabu. Afisa anayetembelea mradi huangalia banda na kupekua daftari la mauzo, na katiba huja baadaye.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Katika kodi ya makadirio, mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu hukadiriwa kwa mauzo yake halisi, ilhali asiye nazo hutozwa kiwango kilichopangwa kwa kundi lake. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na TRA bila malipo.

Kikundi kinachokusudia kuomba kianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa, orodha ya wanachama wenye sifa, taarifa za akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi. Maombi hujazwa katika mfumo wa kielektroniki, na afisa huyo huwasaidia wasio na simu janja. Kikundi kikifika na daftari la mauzo la miezi mitatu iliyopita, andiko la mradi huandikwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa takwimu zake tayari zipo.