Karakana na Chuo

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kuwaeleza habari za elimu ya wafanya kazi, yaani mtu aliye kazini kuendelea kufunzwa, na jinsi wenye kazi na vyuo wawezavyo kusaidiana.

Wazee wa Upare walilijua jambo hili. Huko Ugweno wafua chuma wa ukoo wa Washana walifua majembe na mikuki, na chuma chao kiliuzwa hata Uchagani. Kijana hakuelezwa habari za moto kwa maneno. Alishika mivukuto, akavukuta siku nyingi, kisha ndipo akapewa nyundo. Karakana ndiyo iliyokuwa chuo.

Siku hizi vitu hivyo viwili vimeachana. Kijana aliyetoka chuoni aweza kutaja sehemu zote za mota, asiwe amewahi kuitia mafuta. Fundi wa miaka 20 aifungua mota ile gizani, lakini mchoro wake haujui kuusoma. Kila mmoja ana nusu. Fikirini kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba, wilayani Same. Mashine ya kukaushia ikisimama, na fundi ikabidi aitwe kutoka Moshi, tangawizi mbichi haitamngoja, na hasara itamshukia mkulima.

Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi. Wenye kazi hulipa tozo kwa ajili ya ufundi kwa kadiri ya mishahara watoayo, wala haikatwi katika mshahara wa mfanya kazi. Mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka shilingi 4 hadi shilingi 3 na nusu katika kila shilingi 100. Basi mtu aliyekwisha kutoa fedha yake, mbona asiende chuoni kuuliza vijana wanafundishwa nini?

Katika Ujerumani mwanagenzi hufanya mkataba na mwenye karakana, hupewa posho, na siku moja au mbili za juma huenda chuoni. Sisi walimu hatuna haki ya kushangaa: nasi huwapeleka wanafunzi wetu kufundisha shuleni kabla ya kuwapa vyeti.

Tena, fundi aliyejifunzia kazini asidhani mlango umefungwa. VETA humpima kwa kazi ya mikono yake, humfunza palipopungua, kisha humpa cheti.

Liko neno moja nilisikialo mara nyingi kwa wenye kazi: “Nikimsomesha, atakimbilia Dar es Salaam.” Hofu hiyo si ya bure. Lakini nimewauliza vijana wachache waliokimbia, na jibu lao lilikuwa moja: walirudi na cheti, wakapewa ufagio ule ule na mshahara ule ule. Afadhali mapatano yaandikwe kabla ya safari: mwenye kazi atalipa karo, kijana atatumika miaka kadha akirudi, na mshahara wake utapanda tangu mwezi ule arudipo.