Spoila: Pambo au Kifaa?

Tulipokuwa Nyegezi, Mwanza, karibu na kituo cha mabasi, tuliwakuta madereva wawili wakibishana juu ya Subaru Impreza yenye ubao ulioinuliwa juu ya buti. Mmoja aliusifu, akasema kuwa gari la mbio lisilo na spoila ni jogoo asiye na mkia. Mwenzake, apendaye gari lenye mgongo mtupu, alijibu kuwa lile ni pambo tu.

Kuamua ladha si kazi yetu. Kuamua jina ni kazi yetu. Mfasiri wa hati ya bima akiandika "pambo" amekwisha kutoa hukumu, na mwenye gari aweza kunyimwa fidia ya kifaa kilichovunjika.

Yafaa basi tujue kwanza kazi ya kitu chenyewe. Gari liendapo kasi, hewa ipitayo juu ya paa lililopinda huelekea kuliinua upande wa nyuma. Vifaa vya kupambana na hali hiyo ni vya namna mbili. Cha kwanza ni ukingo ulioshikamana na buti, ambao huvunja mkondo wa hewa. Mfano wake ni mkia mfupi wa Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1972. Cha pili ni ubao uliosimama juu ya miguu, hewa ikipita juu na chini yake. Umbo lake ni la bawa la ndege lililopinduliwa, nao huligandamiza gari chini.

Nguvu hizo hukua kwa mraba wa kasi: kwa kilomita 100 kwa saa huwa mara nne ya zile za kilomita 50. Kwa hiyo madereva wetu wote wawili walikuwa na haki. Mitaani, penye kikomo cha kilomita 50, ubao ule hauna kazi kubwa. Katika mashindano kama Safari Rally, aliyoshinda Colin McRae kwa Impreza mwaka 1997, ni kifaa.

Tuyapime sasa maneno yenyewe:

(a) "Pambo" halifai, kwa kuwa laegemea upande mmoja wa ubishi.

(b) "Mkia" laonyesha mahali, halionyeshi kazi.

(c) "Bawa" pekee lapotosha, kwani bawa huinua.

(d) "Spoila" limekwisha kuenea gereji na mitaani, kama yalivyoenea boneti na bampa.

Tunapendekeza "spoila" liwe jina la jumla katika hati na fomu. Katika vitabu vya ufundi, ukingo uitwe "kivunja mkondo", na ubao uitwe "bawa gandamizi". Hatuoni ajabu kuliazima bawa kutoka kwa ndege: "usukani" nao ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kupanda gari.

Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa mafundi na walimu wa ufundi, tunawaomba watuletee.