Diski tatu zilikufa nyumbani, na kosa halikuwa la mtoto

Wengi wenu mlikuwapo ile Jumamosi ya kugawana. Kisanduku kilikuwa juu ya meza, kufuli zote tatu zimefunguliwa, kila mama ameshika karne yake. Na sisi tuliopewa kazi ya kutunza hesabu katika kompyuta ya nyumbani kwetu hatukuwa na hata ukurasa mmoja wa kuonyesha. Tulisema mashine imekataa. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, lakini iliyosikika mpaka mlangoni: "Mashine ndiyo imekataa, ama ni nyinyi mmekataa?"

Hatukumjibu, maana hata sisi hatukuwa na jibu. Ilikuwa diski ya tatu kufa katika nyumba moja kwa muda wa miezi kumi na minne. Leo tunalo jibu, na kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi zetu zina kompyuta ya kuchapa barua, kuweka picha za ubatizo na kutunza hesabu za kikundi, tumeona tuwaeleze jambo hili lote, pamoja na aibu yake.

Diski ngumu, ile ambayo mafundi wa hapa wanaiita disiki diri, ni sanduku dogo la chuma lililo ndani ya kompyuta. Humo ndimo kila kitu kinawekwa: barua, picha, hesabu. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika moja, na kijimkono kinachosoma na kuandika kikipita juu ya sahani bila kuzigusa. Nafasi kati ya kijimkono na sahani ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Ndiyo sababu diski haifunguliwi nyumbani, na ndiyo sababu mashine haisukumwi wala kuhamishwa ikiwa inafanya kazi.

Diski ya kwanza ilikuja pamoja na mashine, ambayo tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, watoto wakashangilia kama kawaida, tukawasha. Ekrani ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa herufi nyeupe. Fundi alikuja, akaangalia dakika tano, akasema: "Disiki imekufa." Tukalipa dola 25 kwa nyingine, iliyotumika pia.

Ya pili ilidumu miezi saba. Siku moja ikaanza kugonga ndani: tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Siku hiyo mtoto wetu wa pili ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya mashine, anacheza mchezo wa magari. Mnajua jinsi hukumu inavyopita haraka nyumbani. Tulimnyima mpira wiki mbili na mashine mwaka mzima. Alisema hakufanya kitu. Tulimwambia wote wanasema hivyo.

Ya tatu tuliinunua mpya kabisa, dola 45, pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya viatu vya shule. Ilianza kugonga baada ya wiki tano. Fundi akasema ni bahati mbaya. Jirani akasema nyumba yetu ina jicho. Na sisi, watu tuliosoma ualimu, tuliopewa diploma ya kufundisha watoto kutafuta sababu ya mambo, tulikuwa karibu kumwamini jirani.

Kilichotuzindua ni kitu kidogo. Ile diski ya tatu, iliyogonga jioni na kupotea kabisa, asubuhi ya pili iliwaka vizuri, na hesabu zote zikaonekana. Jioni ikapotea tena. Tukaulizana: mgonjwa gani anakufa kila jioni na kufufuka kila asubuhi? Darasani, mtoto akikosa hesabu kila Jumatatu na kuipata kila Jumatano, mwalimu hasemi mtoto ni mjinga. Anauliza Jumatatu kuna nini nyumbani kwao.

Basi tulifanya kile tunachofanya na mtoto kama huyo. Tulichukua daftari, tukachora safu nne: siku, saa, mashine ilikuwa inafanya nini, na taa ya nyumba ilikuwa namna gani. Safu ya nne ilikuwa ya bahati tu, lakini ndiyo iliyotuokoa. Kwa wiki mbili tuliandika mara 11 ambazo diski iligonga au kupotea. Mara tisa zilikuwa kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku, na karibu zote taa ilikuwa imefifia, nyekundu kama kaa la moto. Mara mbili zilizobaki zilikuwa mchana, wakati kijana mwenye kuunganisha vyuma nyuma ya kiwanja chetu alipokuwa akifanya milango.

Akina mama, hapo tulicheka wenyewe. Saa kumi na moja jioni mtaa mzima unaweka sombe kwenye rasho. Sisi pia! Umeme uleule mdogo unagawanywa kwa marasho yote ya mtaa, na mashine yetu inapata mabaki.

Mume wa mwenzetu mmoja anafundisha umeme katika shule ya ufundi. Tulimwomba aje na kipimo chake. Asubuhi prizi yetu ilitoa volti 218. Jioni, wakati wa kupika, 158. Umeme ukarudi baada ya kukatika, na sekunde za kwanza kipimo kikapanda mpaka 262 kabla ya kushuka. Kisha akapima ndani ya mashine. Kuna sanduku la chuma lenye feni, nyuma, pale waya wa prizi unapoingia. Mafundi wanaliita alimantasio. Kazi yake ni kupokea umeme mkubwa wa prizi na kuupunguza kuwa mdogo sana kwa ajili ya vitu vya ndani. Diski inahitaji namna mbili: volti 12 kwa kuzungusha sahani, zinazopita kwenye waya wa njano, na volti 5 kwa sehemu zake za kufikiri, kwenye waya mwekundu. Zile 12 zinaruhusiwa kushuka mpaka 11.4, si chini zaidi. Zetu asubuhi zilikuwa 11.9. Jioni, 10.8.

Kwa hiyo kugonga kule kulikuwa na maana hii: sahani zinaanza kuzunguka, nguvu inapungua, kijimkono kinarudi mahali pake pa kulala, nguvu inaongezeka kidogo, kinatoka tena, inapungua, kinarudi. Tak, tak, tak. Diski yenyewe haikuwa imekufa. Ilikuwa na njaa. Ni kweli kwamba njaa ya kila jioni mwishowe huua, na diski yenye ugonjwa wake yenyewe nayo hugonga vilevile. Sikio peke yake haliwezi kutofautisha. Lakini sisi tulikuwa tunazika moja na kuleta nyingine kwenye sufuria ileile tupu.

Mwalimu huyo alifungua alimantasio na kutuonyesha vikopo vidogo ndani, vimevimba vichwa kama mkate. Msijaribu kufungua nyumbani, hata kama mmechomoa waya: sanduku hilo linaweza kubaki na umeme ndani unaoweza kumdhuru mtu vibaya. Alituambia pia kwamba alimantasio yenye afya ingeweza kuvumilia jioni zetu vizuri zaidi. Ile ya kwetu ilikuwa imezeeka, na ndiyo iliyokuwa inashindwa. Nyingine ilitugharimu dola 18. Hesabuni wenyewe: tulikuwa tumelipa dola 70 kwa diski mbili, na kitu kibovu kilikuwa cha dola 18.

Kabla ya kubadilisha chochote alitukataza jambo moja, na tunalirudia kwenu kwa herufi kubwa za moyo: msibadilishe vitu vitatu kwa siku moja. Ukibadilisha diski, waya na alimantasio pamoja, mashine ikapona, hutajua ni dawa gani iliyoiponya, na utalipa tena kwa upofu. Tulianza na ule waya mwembamba unaounganisha diski na mashine, kwa sababu ni wa bei ndogo na mara nyingi ndio unaolegea. Diski iligonga kama kawaida. Ndipo tukabadilisha alimantasio, tukangoja jioni nne za rasho. Kimya.

Kuna kosa jingine lilikuwa letu sisi wenye nyumba, na tunafikiri baadhi yenu mnalo. Mashine ilikuwa kwenye kona, imesukumwa mpaka ukutani, na juu yake kitambaa cheupe tulichoshona wenyewe kwa sindano, kinafunika mpaka matundu ya hewa. Kizuri sana. Diski chini yake ilikuwa inafikia joto la digrii 56, na fundi anapenda isipite 50. Kitambaa sasa kipo juu ya redio.

Tumenunua pia stabilizateri, lile sanduku linalonyanyua umeme ukishuka na kuushusha ukipanda. Onduleri, yenye betri ya kukupa dakika chache za kuzima vizuri, ni bora zaidi, lakini bei yake bado inatushinda. Kwa hiyo tumeweka sheria ya nyumba isiyogharimu kitu: umeme ukikatika, mtoto aliye karibu anachomoa waya kwenye prizi, ukirudi, tunangoja dakika kumi ndipo tunachomeka. Watoto wanashangilia, na dakika kumi zinaanza. Mkubwa ndiye anayeshika saa.

Na hesabu zenu? Tulizibeba zile diski mbili za zamani, ambazo kwa bahati hatukuwa tumezitupa, pamoja na ile ya tatu, kwenye sekretaria moja mjini yenye mashine nzuri na umeme wa betri. Ya kwanza haikuamka kamwe. Ya pili, ile iliyomfunga mtoto wetu, ilizunguka bila kugonga hata mara moja. Tulinakili kila kitu kwenye flashi kabla ya kufanya uchunguzi wowote, na utaratibu huo ni muhimu: diski inayoyumba inaweza kuwa na saa moja tu ya kuishi, basi nakili kwanza, pima baadaye. Ya tatu ilitoa mafaili karibu yote, lakini programu ya kupima afya ya diski ilionyesha kwamba imeanza kuhamisha sehemu zilizoharibika na kutumia za akiba. Diski ya namna hiyo hatuipi tena kitu cha thamani. Watoto wanaitumia kwa sinema.

Tulipata hesabu za kikundi mpaka wiki ya pili kabla ya kugawana. Wiki hizo mbili tulizijenga upya kutoka karne zenu, Jumamosi mbili mfululizo, mhuri kwa mhuri. Tofauti ilikuwa hisa tatu. Zilikuwa za mama ambaye karne yake ilinyeshewa na mvua, ambaye wengine walikuwa wameanza kusema anataka kula za wenzake. Katika diski ya pili zilikuwepo, zimeandikwa kwa tarehe, miezi mitano kabla: hakudai hata moja ya ziada. Alilia. Nasi hatukujua tuangalie wapi.

Tangu hapo hesabu zinakaa mahali patatu, na wazo hili hatukulitoa kwa fundi, tulilitoa kwenye kisanduku chenu. Funguo tatu hazikai kwa mama mmoja. Basi nakala moja iko katika mashine, ya pili katika flashi inayolala nyumbani kwa mweka hazina, na ya tatu ni daftari la karatasi kwa katibu. Flashi inaletwa kila Jumamosi, inajazwa mbele ya watu, inarudi kwake. Haikai kamwe imechomekwa kwenye mashine, kwa sababu umeme unaopanda ghafla unaweza kuzichoma zote mbili pamoja. Mwezi uliopita tuliifungua kwenye mashine nyingine kuona kama kweli inasomeka, na faili moja lilikuwa tupu. Tulikuwa tumenakili jina lake tu. Tangu siku hiyo tunaifungua kila mwezi.

Mtoto wetu tulimwita, tukamwomba msamaha mbele ya dada zake. Katika nyumba zetu jambo hilo halizoeleki, na mwenyewe hakujua afanye nini na msamaha. Akauliza kama anaweza kucheza mchezo wa magari. Tulimwambia ndiyo, lakini baada ya saa tatu, marasho yakizimwa.

Mwenye diski nyumbani ambayo fundi alisema imekufa, asiitupe na asiifungue. Ailete Jumamosi ijayo, nusu saa kabla ya mkutano, imefungwa katika kitambaa kikavu, pamoja na flashi yake. Tutaijaribu kwenye mashine yetu asubuhi, wakati umeme una nguvu.