Kumwandaa Mtoto Kupimwa Afya Kabla ya Michezo



Kila mwaka inapokaribia michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, walimu huwataka wazazi wawapeleke watoto kupimwa afya. Katika sharika za mwambao, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wazazi wengi hulichukulia jambo hili kama kutafuta muhuri tu. Wengine hulichanganya na uhakiki wa umri unaofanywa kuwabaini mamluki, na wakishaamini kwamba daktari anatafuta sababu ya kumwengua mtoto, huanza kuficha. Wanamfundisha mtoto aseme hajawahi kuumwa.

Ni vema kamati zikaeleza wazi kwamba lengo si kumwengua mtoto. Walio wengi huruhusiwa kucheza. Mwenye pumu anaweza kukimbia akiwa na dawa yake ya kuvuta na mwalimu anayejua matumizi yake. Mwenye kifafa anaweza kucheza michezo mingi, ila asiogelee ziwani bila mtu mzima wa kumwangalia. Hatari ni pale jambo linapofichwa. Mwaka 2021 mashindano ya taifa yalifanyika Mtwara, na mwaka 2023 Tabora. Mtoto wa Ujiji akifika Mtwara yuko upande wa pili wa nchi, analala bwenini, na mama anayejua kwamba kifua humbana usiku hayupo.

Hivyo basi, maandalizi makubwa ni ya mzazi kuliko ya mtoto. Tabibu atapima uzito, urefu, presha, macho na viungo, na atasikiliza moyo na mapafu. Lakini magonjwa mengi ya hatari hugundulika kwa maswali. Je, mtoto amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Hupata maumivu ya kifua anapojitahidi? Amewahi kuumwa koo, kisha baada ya wiki chache magoti na vifundo vikavimba kwa kupokezana? Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo huacha kovu kwenye vali za moyo. Je, katika ukoo kuna aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50?

Swali hilo la mwisho huwashangaza wengi, na wengine hulihusisha na uchawi. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon, mwenye miaka 28, alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, akafariki. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, hali ambayo mara nyingi hurithiwa. Mchezaji wa kiwango chake alikuwa na madaktari wa kutosha. Kwetu, ambako kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti hakipatikani kwenye zahanati, kumbukumbu ya ukoo ndiyo kipimo cha kwanza.

Hapa kuna tatizo la mahali petu. Baba anayejua habari za upande wake yuko ziwani akivua dagaa kwa taa usiku wa giza, na mchana amelala. Ushauri wetu ni kwamba kamati zikubaliane na zahanati ili upimaji ufanyike siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Mtoto anayelelewa na bibi, wazazi wapigiwe simu kabla, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake la matibabu.

Lipo pia suala la kichocho. Maji ya Tanganyika ni maangavu, na watu hudhani maji maangavu ni salama. Konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo wanaishi humo humo, na hata nyani wa Gombe wamewahi kukutwa nacho. Mtoto mwenye kichocho, minyoo ya safura, au malaria ya mara kwa mara hupungukiwa damu. Uwanjani anaonekana mvivu. Mwalimu anamkemea, anajikaza, na kumbe damu haitoshi. Ombeni choo kipimwe na wingi wa damu upimwe, hata kama fomu haina nafasi ya kuandika majibu hayo. Dawa ya kichocho imezeshwe baada ya mtoto kula, si akiwa na njaa.

Vilevile ulizeni kuhusu seli mundu, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe asiingie mashindanoni bila mpango wa daktari wake. Mwenye vinasaba vya kurithi tu kwa kawaida hucheza, ila anywe maji ya kutosha na apewe nafasi ya kupumzika.

Mpelekeni mtoto wiki tatu au nne kabla ya safari ili tiba au rufaa ya Maweni ipate muda. Alale vizuri, apate kifungua kinywa, na asifike akitweta, maana presha itapanda bure. Avae kaptura na fulana. Binti asindikizwe na mama au mwalimu wa kike. Bebeni daftari la matibabu na dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo. Kama ametoka kuugua malaria, semeni.

Kwa wafadhili wetu, kitu kidogo chenye manufaa ni mkanda wa kupimia presha wa saizi ya mtoto. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli, na presha iliyopanda hupita bila kuonekana.

Kamati nazo zisikubali fomu 40 zigongwe muhuri kwa mkupuo bila mtoto mmoja kuguswa kifua. Fomu ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na fomu, maana inamwondolea mwalimu tahadhari. Na ikishajazwa kwa haki, nakala isibaki ofisini kwa mkuu wa shule. Akae nayo mwalimu anayesafiri na watoto, pamoja na dawa na namba ya simu ya mzazi.